Nikishtuka mwili unakakamaa, halafu napewa diazepamu?

Mshonaji: Habarini wapendwa. Mwaka wa tatu huu nahangaika. Ilianza kwa kiuno, nikalaumu cherehani. Siku hizi mlango ukibamizwa ghafla, miguu inakakamaa kama mbao na naanguka kama gogo, mikono haiwahi hata kukinga uso. Jino la mbele limeshakwenda. Daktari wa kwanza alisema ni mawazo. Huyu wa neva kapima damu, kakuta kingamwili za GAD ziko juu sana, kasema ni stiff person syndrome, ugonjwa wa mwili kukakamaa, kisha kaniandikia diazepamu. Dawa ya wasiwasi! Si ndiyo yale yale ya mawazo?

Gogo Mzoefu: Pole sana dada. Siyo yale yale. GAD ni kimeng'enya kinachotengeneza GABA, na GABA ndiyo breki ya neva. Kwa ugonjwa wetu breki imelegea, kwa hiyo misuli ya mgongo na ya tumbo inavutana kwa wakati mmoja, hakuna anayemwachia mwenzake. Diazepamu inaisaidia GABA kidogo uliyo nayo ifanye kazi. Usije ukaiacha ghafla! Mimi nilijifanya mjanja nikaiacha, nikaishia kulazwa. Na upime sukari, kisukari hupenda kuandamana na kingamwili hizo.

Hayo ya "mawazo" tumeambiwa karibu wote. Madaktari Moersch na Woltman waliuelezea ugonjwa huu tangu 1956, wakiwa na wagonjwa 14 tu, lakini ni adimu mno, daktari anaweza kustaafu hajauona. Afadhali tangu mwimbaji Celine Dion aliposema anao, Desemba 2022. Sasa nikiutaja kuna anayeitikia.

Mshonaji: Asante kaka, leo nitaimeza bila kinyongo. Na barabara je? Nikifika ukingoni miguu inagoma kabisa, nyuma yangu watu wanasonya.

Mama Pacha: Mwenzangu! Mimi navuka na binti yangu wa miaka saba. Hanibebi, ananishika kidole tu, na miguu inafunguka. Sijui nikueleze vipi. Ukianguka, waambie wasikuvute kukuinua, wakuache misuli ilegee kwanza. Mimi walinivuta kwa huruma, bega likauma mwezi mzima.

Mshonaji: Nimecheka na kulia. Simu nimeshaitoa mlio, inatetemeka tu.

Mama Pacha: Mtetemo nao unashtua, dada. Yangu naifunika na mto.