Mkanda wa mashine hauna kava, halafu kosa ni la rasta zetu?!

Wadau, habari za jioni. Naandika nikiwa na hasira na sitajifanya nimetulia. Admin, nakuomba usiuhamishie uzi huu kwenye jukwaa la urembo, kwa sababu si habari ya urembo.

Nafanya kazi kwenye mashine ya kusaga posho, yaani unga wa mahindi, hapa Kisenyi, Kampala, huu mwaka wa nne. Kazi yangu ni kupima unga na kushona magunia. Wiki tatu zilizopita, saa kumi na nusu jioni, mwenzangu aliinama kufagia pumba chini ya mkanda unaotoka kwenye mota kwenda kwenye kinu. Binti wa miaka 22, amesuka rasta za kufika kiunoni, amezifunga nyuma kwa kitambaa. Narudia kwa wale wanaosoma haraka: ALIZIFUNGA. Alipoinama kitambaa kikalegea, rasta mbili tatu zikateleza begani, zikagusa mkanda.

Sikusikia sauti yake kwanza. Nilisikia mota inabadilika mlio, kama inavyonguruma mahindi yakikwama mdomoni mwa kinu, halafu ikaja harufu ya mpira unaoungua. Ndipo akapiga ukelele. Swichi ya kuzima iko ukutani NYUMA ya magunia, maana hapo ndipo walipoona panafaa kupanga mzigo. Nilipanda magunia kwa magoti na viwiko hadi nikaifikia. Mashine iliposimama, kipande cha ngozi ya kichwa juu ya sikio la kushoto, upana wa kiganja changu, kilikuwa kimebaki kwenye puli, lile gurudumu linalozungusha mkanda, pamoja na rasta zake.

Kuna mtu ameniuliza, "Kwani hakuweza kujivuta?" Ajivute vipi? Kibao cha mota yetu kimeandikwa 1,440, yaani mizunguko 1,440 kwa dakika, 24 kila sekunde. Puli yenye kipenyo cha sentimita 10 inavuta karibu mita saba na nusu kwa sekunde moja. Rasta ya sentimita 60 inamalizika hata hujapepesa jicho. Na usidanganyike kwamba zitakatika. Unywele mmoja tu wa binadamu unahimili kama gramu 100, sasa zisokote nywele nyingi pamoja na nyuzi za plastiki uone kama utapata kitu kigumu kuliko hicho. Nywele hazikatiki. Kinachoachia ni ngozi.

Kesho yake asubuhi bosi alituita. Hakuuliza binti amelazwa wapi. Alibandika karatasi mlangoni: wanawake wote wanyoe, asiyetaka abaki kwao. Kisha akasema mshahara wa yule dada unahesabiwa mpaka siku ile ya ajali tu, kwa kuwa "uzembe ni wake."

Hapo ndipo nilipochemka.

Sikatai kwamba nywele ndefu ni hatari kwenye mashine. Mwaka 2011 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, alikufa usiku kwenye karakana ya chuo baada ya nywele zake kukamatwa na mashine ya kukereza vyuma. Chuo kikubwa vile! Mimi mwenyewe tangu ajali ya mwenzangu navaa kofia ya kubana na rasta zote ziko ndani, na nawaambia dada zangu wa viwandani, wa useremala na wa gereji wafanye hivyo hivyo. Mkia wa farasi si kufunga nywele. Mkia ni kuzikusanya ili zivutwe zote pamoja.

Lakini angalieni wenzetu wa Brazil. Kwenye mito ya Amazon, wanawake na watoto wa kike wameng'olewa ngozi ya kichwa kwa miaka mingi na mhimili wa injini unaozunguka wazi sakafuni mwa boti. Mwaka 2009 serikali yao ikatunga sheria. Unajua ilisema nini? Haikusema wasichana wa Amazon wanyolewe. Ilisema wenye boti WAFUNIKE injini na mhimili.

Nasi sheria tunazo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2006 inamtaka mwajiri azibe sehemu za mashine zinazozunguka na awape wafanyakazi vifaa vya kujikinga bila kuwatoza senti. Miaka minne nimepewa aproni moja, na nilikatwa pesa yake. Na Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya 2000 inasema fidia inalipwa hata kama ajali ilitokana na uzembe wa mfanyakazi mwenyewe. Hata kama! Kwa hiyo hiyo hadithi ya uzembe, bosi, hata ingekuwa kweli isingekuokoa.

Nimekwenda Katwe kwa fundi wa kuchomelea. Nikampa vipimo, akanipigia hesabu ya kava la bati na wavu wa chuma: shilingi 150,000, kazi ya mchana mmoja. Mia na hamsini! Magunia ya unga yanayotoka pale kwa siku moja yanalipa makava mangapi?

Jumamosi nacheza raga. Kocha wetu hana mchezo: nywele zinasukwa mistari, zinalala kichwani, kofia juu, ndipo unaingia. Anajua kwenye kukabana mkono unashika chochote, na shingo ikigeuzwa kwa nywele ni jambo lingine kabisa. Kwenye mpira wa miguu wa Kimarekani kumwangusha mtu kwa nywele zilizotoka nje ya helmeti kunaruhusiwa, wachezaji wenyewe wanalijua hilo wanapoamua kuzifuga. Kwetu kwenye raga ni faulo. Anayevuta nywele ndiye anayeadhibiwa, si aliyevutwa. Kisenyi mambo yamepinduka: mvutaji ni mkanda, uko pale unazunguka bila kava, aliyevutwa amekatwa mshahara.

Na hili la kunyoa, wanaume mtusikilize. Wengi wetu tulisoma shule ambazo msichana hafugi nywele, mkasi kila mwanzo wa muhula hadi S6, mwaka wa mwisho wa sekondari. Yule binti alianza kufuga alipomaliza shule. Kusuka alijifundisha mwenyewe, na jioni alikuwa akiwasuka majirani apate pesa ya kodi. Sasa wamemkata ngozi ya paja wakaibandika kichwani. Ngozi ya paja haioti nywele za kichwa, daktari amemwambia wazi.

Kuna jambo linaninyima usingizi na nataka mlijue, huenda likamfaa mtu. Ile ngozi iliyobaki kwenye puli, tuliifunga kwenye kitambaa cha jasho tukaiweka kwenye ndoo. Hospitalini ndipo nikaambiwa ilipaswa kufungwa kwenye kitambaa safi chenye unyevu, itiwe ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri, mfuko huo ndio uwekwe juu ya barafu, barafu isiguse ngozi. Wakati mwingine, ikifika mapema na kuna mtaalamu, wanaweza kuirudisha. Miaka minne kando ya mashine, hakuna aliyewahi kutufundisha hata hilo.

Jumatatu nakwenda kwa afisa wa kazi na picha za mkanda, picha ya ile karatasi ya mlangoni na barua ya hospitali. Kama kuna mdau amewahi kudai fidia Kampala, Jinja au Tororo, aniambie alianzia ofisi gani na ilichukua muda gani. Na kama uliumia mwenyewe kwenye kinu, useremala au gereji, andika hapa chini kilichotokea, jina si lazima.

Leo nimetoka kazini saa kumi na mbili. Mkanda bado uko wazi. Wamemleta binti mwingine wa kufagia, amenyolewa kipara, amejifunga leso shingoni.