Kwa nini Mfalme Hirohito alikataa kuchukua suria ili apate mrithi?

Mdadisi wa Historia
Ndugu wanajukwaa, salaam. Hirohito wa Japani na mkewe Nagako walifunga ndoa Januari 1924, wakajaliwa mabinti wanne mfululizo, na mmoja wao, Sachiko, akafariki Machi 1928 kabla hajatimiza mwaka. Baadaye mimba nyingine ikaharibika. Wapo wakubwa wa kasri waliomshauri mfalme achukue suria, naye akakataa. Kwa kuwa baba yake na babu yake wote wawili walizaliwa na masuria, kukataa huko kulitokana na nini?

Mzee wa Maktaba
Ndugu Mdadisi, tuanze na babu. Mfalme Meiji alipata watoto kumi na watano, lakini malkia wake hakuzaa hata mmoja. Wote walizaliwa na masuria, na mtoto wa kiume aliyefikia utu uzima alikuwa mmoja tu, Yoshihito, ambaye mama yake aliitwa Yanagiwara Naruko. Sheria ya 1889 iliwazuia wanawake kurithi kiti, lakini iliruhusu mwana wa suria arithi pale ambapo mke wa ndoa hana mtoto wa kiume, na kwa njia hiyo ukoo ukasalimika. Yoshihito, ambaye baadaye akawa mfalme, aliishi na mke mmoja, akapata wana wanne, na Hirohito ndiye wa kwanza wao. Kwa hiyo Hirohito alitoka katika familia ya mke mmoja, na kwa kuwa alikuwa na wadogo zake watatu wa kiume, kiti kisingekosa mtu hata kama Nagako asingezaa mwana. Naona alimpenda mkewe na aliheshimu ndoa yake, na hilo linastahili kusemwa wazi.

Alfajiri ya tarehe 23 Desemba 1933 ving'ora vililia Tokyo. Watu walikuwa wameambiwa kwamba mlio mmoja ungemaanisha binti na miwili mwana, wakatega masikio baada ya ule wa kwanza. Wa pili uliposikika, Akihito alikuwa amezaliwa.

Mkunga Mstaafu
Ahsante, Mzee wetu. Kinachoniumiza ni kwamba katika miaka yote hiyo macho yalikuwa kwa Nagako, ilhali mbegu ya baba ndiyo inayoamua kama mtoto atakuwa wa kike au wa kiume. Suria angeletwa kana kwamba kasoro ilikuwa ya mke, na mama aliyemzika mtoto wake angeambiwa ampishe mwenzake.

Wakili wa Pwani
Niongeze upande wa sheria. Sheria ya 1947 ilifunga mlango wa watoto wa masuria, jambo la haki, lakini ikaacha sharti la wanaume peke yao, na tangu hapo shinikizo lote likaangukia tumbo la mke mmoja. Masako aliolewa na Naruhito, mwana wa kwanza wa Akihito, mwaka 1993, mimba yake ikaharibika mwishoni mwa 1999, akamzaa binti, Aiko, Desemba 2001, na mwaka 2004 kasri likatangaza kwamba afya yake ya akili imetetereka. Jopo la serikali lilipendekeza mwaka 2005 kwamba mzaliwa wa kwanza arithi bila kujali jinsia, lakini mimba ya Kiko, mke wa mdogo wake Naruhito, ilipotangazwa Februari 2006 mswada uliwekwa kando, na Septemba akazaliwa Hisahito, mvulana wa kwanza katika ukoo huo tangu baba yake mwaka 1965. Kwa maoni yangu, pendekezo lile lilipaswa kupita hata baada ya mvulana kuzaliwa, kwa sababu mwanamke atakayeolewa na Hisahito atadaiwa mtoto wa kiume kuanzia siku ya harusi.