Naombeni ushauri: kanda za VHS alizorekodi marehemu kaka kutoka MTV, nihamishe zote au nichague nyimbo tu?

Mdogo_wake
Habari za humu wakuu. Kaka yangu alienda Marekani kusoma akabakia huko huko kikazi, na tangu 1988 mpaka 1999 alikuwa anarekodi MTV, ile chaneli ya video za muziki, kwenye kanda za VHS. Mwaka jana katutoka, Mungu amrehemu, shemeji akanikabidhi boksi lina kanda 31, kila moja kaandika kwa mkono wake, "Yo! MTV Raps Jumamosi", "120 Minutes Jumapili usiku", nyingine tarehe tu.

Nimetafuta deki nikaanza kuangalia, picha inakuja nyeusi na nyeupe tena inarukaruka lakini sauti nzuri. Sasa kanda za mwanzo ni raha, mtangazaji anaongea kidogo, nyimbo tatu nne, anarudi tena anakwambia kinachofuata. Ila kadiri miaka inavyosogea nyimbo zinapungua, kwenye zile za 1997, 98 unakuta vijana wanagombana ndani ya nyumba masaa kibao ndo unapata wimbo mmoja. Wanangu wanasema baba nyimbo zote zipo YouTube tena safi kuliko hizo, unahangaika na nini. Na mimi kidogo nimeyumba. Nihamishe zote kwenye kompyuta, au nichague nyimbo tu, na zile za mwisho zisizo na muziki nizitupe? Naombeni ushauri wa kweli, boksi naliona kila siku asubuhi na moyo unauma.

Kibonge Mzuri
Pole sana mkuu. Mi ningekushauri chagua nyimbo adimu tu ambazo huzipati mtandaoni, nyingine achana nazo, baki na zile karatasi za mwandiko wake kama ukumbusho. Masaa ya kuangalia vipindi vya watu kugombana utayatoa wapi.

Sikio la Zamani
Kibonge nakuheshimu lakini hapo sikuungi mkono hata kidogo. Mtoa mada, wanao wako sahihi kwamba nyimbo zipo, kisichopatikana ni MPANGILIO. Ile kwamba kuna mtu kakaa kachagua wimbo huu ufuate baada ya ule, na wewe unakaa unasubiri, unavumilia wimbo usioupenda, katikati ya kusubiri unakutana na msanii hujawahi kumsikia anakubadilisha maisha. Hiyo YouTube haina, YouTube unaitafuta wewe.

MTV ilipoanza tarehe 1 Agosti 1981 ilikuwa hivyo, video masaa 24 na watangazaji watano wa kuziunganisha, Martha Quinn, Mark Goodman na wenzao. Tusiseme ilikuwa pepo lakini, wasanii weusi walikuwa wanaonekana kwa nadra mno mpaka mwanamuziki Mwingereza David Bowie akambana Mark Goodman kwenye mahojiano mwaka 1983 kwa nini hawaonyeshwi, na ni mwaka huo huo video za Michael Jackson zikaanza kupigwa mfululizo mlango ukafunguka. Yo! MTV Raps, kipindi cha rap kaka yako alichokirekodi, ilianza 1988, Fab 5 Freddy akiwa mtangazaji. Fikiria mwanafunzi mweusi mgeni pale Marekani, Jumamosi anakaa mbele ya TV na kanda tupu mkononi. Hizo ukizikata ukabakiza nyimbo umemfuta yeye.

Mama Zawadi2
Pole kaka kwa msiba. Mimi naongelea zile za mwisho unazotaka kutupa. Usitupe, ndo zenye hadithi. The Real World ilianza 1992, wakaweka vijana saba kwenye nyumba moja New York wakawarekodi, haikuhitaji kulipa waigizaji wa tamthilia. Na kituo kilikuwa na shida moja kubwa, wimbo ni dakika nne tu, mtu akiuchukia anahama chaneli hapo hapo, lakini kipindi cha nusu saa kinamshika mpaka mwisho na matangazo ya biashara anayaona. Ndo nyimbo zikaanza kusukumwa usiku, asubuhi, na kwenye chaneli yao ya pili, MTV2, iliyofunguliwa 1996. Hata TRL, kipindi cha nyimbo cha 1998 ambacho wengi tunakikumbuka kwa upendo, watu walipiga kura halafu wimbo unaonyeshwa kipande tu unakatwa. 2010 wakaondoa kabisa maneno "Music Television" kwenye nembo. Sasa wewe una kanda za miaka 11 mfululizo kutoka nyumba moja, mabadiliko yote yamo humo. Mimi yaliniuma sana yale mabadiliko, nilijiona kama nimefukuzwa sehemu niliyokuwa nakaribishwa, ndo maana nakuomba uzihifadhi.

Fundi Deki
Nije kwenye ufundi. Hiyo nyeusi na nyeupe deki yako ni ya PAL, kanda za Marekani ni NTSC, hiyo ni mifumo miwili tofauti ya picha za TV, tafuta deki inayosoma NTSC rangi zitarudi, usihukumu kanda kwa hiyo picha. Pili hebu niambie kanda moja inachukua masaa mangapi?

Mdogo_wake
Nyingi ni masaa sita mkuu. Na kuna mbili zina vidoa vyeupe ndani, kwenye ule utepe pembeni.

Fundi Deki
Masaa sita maana yake alirekodi kwa spidi ya chini kabisa ili kanda ibebe zaidi, hizo zinahitaji deki yenye vichwa vizuri, ukiona mistari chini ya picha rekebisha treking (kile kitufe cha kunyoosha picha) taratibu. Sasa sikiliza, kuhamisha kanda hakuna njia ya mkato, inazunguka kwa muda wake halisi. Hata ukitaka nyimbo tano tu lazima uizungushe uzitafute, kwa hiyo hiyo kuchagua haikupunguzii kazi bali inakuongezea. Weka kanda, washa, nenda kafanye mambo yako, rudi baada ya masaa sita. 31 mara sita ni masaa 186, ukifanya moja kila siku mwezi unaisha na umemaliza. Kwa mfumo wa video ya dijitali wa DV saa moja inakula kama gigabaiti 13, andaa diski ya nje ya terabaiti 3, na nakala ya pili kaa nayo sehemu nyingine. Zenye vidoa ni ukungu, USIZIWEKE kwenye deki kabisa, zitachafua vichwa na kuambukiza nyingine. Zitenge kwenye mfuko mahali pakavu, mpelekee mtu anayesafisha kanda.

Kibonge Mzuri
Nafuta ushauri wangu wa mwanzo, hiyo ya masaa sikuijua.

Mdogo_wake
Asanteni sana, Mama Zawadi2 na Sikio mmenitoa machozi. Jana usiku nimeangalia tena kanda ya kwanza nikagundua kitu, kila tangazo la biashara likianza alikuwa anasimamisha kurekodi, unaona picha inakatika halafu inarudi wimbo ukiwa umeanza sekunde mbili tatu. Kumbe alikuwa amekaa pale pale muda wote kidole kwenye kitufe. Kwenye za mwisho matangazo yote yamo, aliacha tu iende. Nahamisha zote kama zilivyo. Fundi, hizo mbili zenye ukungu zote kaandika 1989, nikipata deki ya NTSC nakutafuta inbox unielekeze kwa msafishaji.

Fundi Deki
Karibu mkuu, na usirudie rudie kuangalia hiyo ya kwanza kabla hujaihamisha.