Kuku wa nazi kwenye jungu la umeme: tui linakatika, mchuzi unabaki maji

Bint Chumbageni

Assalam aleikum wapishi.

Nina jungu la umeme, lile la kupikia polepole, la lita 3.5, lenye moto mdogo, moto mkubwa na sehemu ya kupasha tu. Nataka kulipikia kuku wa nazi wa jioni, watu 5. Viungo viingie asubuhi kabla watu hawajatoka, jioni ibaki kazi ya wali tu. Kuku anaiva, lakini mchuzi hauna sura.

Nilivyoweka: kuku wa kisasa mmoja wa kilo 1 na robo, vipande 8 na ngozi yake. Tui la nazi 2, zito na jepesi pamoja. Vitunguu 2 vibichi, nyanya 3, saumu, tangawizi, bizari ya manjano kijiko cha chai, ndimu 1 nzima, maji vikombe 2. Moto mdogo, masaa 8.

Kilichotoka: juu mafuta yanaelea, chini maji ya njano yenye vidonge vyeupe. Kidari kimekuwa nyuzi kavu ingawa kimelala ndani ya mchuzi siku nzima. Ngozi inavutika kama mpira, na kitunguu bado kinanuka ubichi. Nimekosea wapi?

Mpishi wa Ngamiani

Wa aleikum salaam dada. Kosa kubwa ni moja, na hayo mengine mengi yametoka humo humo: jungu umelipikia kama sufuria. Sufuria jikoni inapoteza maji muda wote, ndiyo maana mchuzi unapungua na kushika. Jungu la umeme halipotezi. Mvuke unapanda, unagonga kifuniko, unarudi chini matone matone. Maji uliyotia saa 1 asubuhi utayakuta jioni vilevile, na kuku ameongeza ya kwake, kikombe kizima au zaidi kwa uzito huo. Ukijumlisha na tui la nazi 2 na nyanya 3, hiyo ni supu.

Chombo chenyewe kilianzia kwenye maharage. Irving Naxon wa Chicago alikiuza kwa kazi hiyo, kisha mwaka 1971 kampuni ya Rival ikakitoa upya kwa jina la Crock-Pot. Maharage yanataka maji mengi na subira. Mchuzi wa nazi hautaki maji mengi. (Na kwa kuwa nimeyataja: maharage mekundu lazima yatokote kwanza kwenye sufuria dakika 10, maana moto mdogo wa jungu hauondoi sumu yake.)

Fanya hivi. Chuna ngozi yote, kwa sababu kwenye unyevu haiwezi kukauka, itabaki mpira tu. Sugua vipande kwa chumvi kijiko cha chai 1 na pilipili manga nusu kijiko. Kikaango kishike moto sawasawa, mafuta vijiko 2 vya chakula, kaanga vipande dakika 3 kila upande mpaka viwe kahawia. Hapo huviivishi, unavipa rangi na ladha ambayo jungu haliwezi kuvipa: ndani yake joto halivuki lile la maji yanayochemka.

Mafuta hayohayo, tia vitunguu 2 vilivyokatwa vyembamba, dakika 8 hadi 10, mpaka vilegee na kuanza kugeuka rangi. Hapa ndipo ubichi unapoondoka. Kitunguu kikiingia jungu bila kukaangwa kinachemka tu, na kifuniko kinaizuia ile harufu isitoke. Fuatisha punje 6 za saumu na tangawizi ya kidole gumba, zote zimetwangwa, kwa dakika 1. Kisha bizari ya manjano kijiko cha chai 1, bizari nyembamba nusu kijiko, iliki 3 zilizopondwa na kijiti cha mdalasini, nusu dakika tu zisiungue. Viungo vikavu vinatoa harufu yake kwenye mafuta kuliko kwenye maji, kwa hiyo hatua hii usiiruke hata ukiwa na haraka. Nyanya ziwe 2, toa mbegu, zikaange mpaka mafuta yajitenge pembeni.

Mwagia maji nusu kikombe, kwangua kikaango chote, mimina jungu. Mapaja na miguu chini, vidari juu, maana joto linatoka chini na ubavuni. Jungu lijae kati ya nusu na theluthi mbili.

Kuku wa kisasa, moto mdogo: masaa 3 na nusu hadi 4. Si 8! Nyama yake ni laini tangu mwanzo. Ikikaa siku nzima nyuzi zinajikaza na kukamua maji yake yote, ndiyo maana kidari kilikauka kikiwa ndani ya mchuzi.

Mwana Pangani

Mpishi amesema sawa. Mimi naongeza la tui, maana ndilo lililoiharibu sura.

Tui ni vitone vidogo sana vya mafuta ndani ya maji, na kila kitone kimezungukwa na protini ya nazi inayokizuia kisiungane na mwenzake. Moto ukikaa muda mrefu protini inaganda, inaachia mafuta, mafuta yanapanda. Ndimu na nyanya zinaharakisha jambo hilo. Ndiyo sababu tui la sufuriani linakorogwa bila kuachwa mpaka lichemke, kifuniko kimefunuliwa. Jungu la umeme huwezi kulikoroga masaa 8, kwa hiyo tui zito haliingii asubuhi, linaingia mwisho.

Nazi 2 zinatosha. Chagua nzito kwa kiganja, ukiitikisa usikie maji, na macho yake yawe makavu bila ukungu. Ukikuna kwa mbuzi simama kabla hujafika kwenye ganda, ule unga wa kahawia unachafua rangi ya tui. Tia kikombe 1 cha maji ya uvuguvugu, kanda kwa mkono dakika 2 au 3, kamua na uchuje: hilo ndilo tui zito, liweke kwenye friji mara moja. Machicha hayohayo yatie kikombe kingine 1, kamua tena upate tui jepesi. Wenye blenda, sekunde 30 zinatosha, kisha chuja kwa kitambaa.

Hapa natofautiana kidogo na Mpishi: badala ya ile nusu kikombe ya maji, mimi natia nusu kikombe ya tui jepesi. Lina mafuta machache, likikatika halionekani sana, na kuku analala kwenye ladha ya nazi tangu mwanzo.

Jioni, toa vipande vya kuku uviweke pembeni. Mchuzi wote umimine kwenye sufuria, uchemshe moto mkali bila kifuniko mpaka ubaki kama nusu. Dakika 10 hivi. Punguza moto, tia tui zito kidogo kidogo huku unakoroga upande mmoja, subiri lianze kufukuta, lisitokote kwa nguvu. Dakika 5 au 6 zinatosha. Chovya mwiko, uutoe, pitisha kidole mgongoni mwake: ule mstari ukibaki wazi bila mchuzi kuufunika, umeshika. Rudisha kuku, zima moto, ndipo ukamue ndimu nusu na kutia kotmiri. Chumvi ionje hapo, si kabla, kwa sababu mchuzi ukipungua chumvi inapanda.

Mpishi wa Ngamiani

Mwana Pangani, tui jepesi nakubali kwa kuku wa kisasa wa masaa 4. Kwa jungu la masaa 8 bado nasema maji. Tui jepesi likikaa siku nzima linaacha chenga ndogo kwenye ulimi, hata kama jicho halizioni.

Bint Chumbageni

Nimewaelewa na nawashukuru sana. Ila watu wanatoka saa 1 asubuhi na kurudi saa 11 jioni. Masaa 4 hayanisaidii. Kuku wa kienyeji je? Na siku nazi zikiwa hakuna, maziwa au mtindi vinafaa? Jambo la mwisho: umeme ukikatika mchana nyumba ikiwa tupu, chakula kinalika?

Fundi wa Makorora

Nianze na umeme, dada, maana hilo ni la afya.

Chakula kikikaa kati ya nyuzi 5 na 60 za Selsiasi, vijidudu vinazaliana upesi. Umeme ukikatika kuku akiwa bado hajaiva na hakuna mtu wa kumhamishia kwenye gesi au mkaa palepale, mtupe. Kumchemsha upya jioni si dawa, kwa sababu baadhi ya vijidudu vinaacha sumu ambayo moto hauiondoi. Akiwa ameshaiva kabisa, una masaa 2 tangu umeme ukatike, mradi kifuniko hakijafunuliwa.

Shida ni kujua kama ulikatika. Majungu yenye kitasa cha kuzungusha yanawaka yenyewe umeme ukirudi, kwa hiyo jioni utakuta linafuka kana kwamba halikuzimika. Yenye vitufe na kioo mengi yanabaki yamezima. Ukiwa na la kitasa, chomeka kando yake saa ndogo ya umeme ya tarakimu isiyo na betri. Ukirudi ukaikuta inawaka na kuzima au inasoma muda usio sahihi, umeme ulikatika.

Gharama isikutishe. Soma wati chini ya jungu. La wati 200 kwa masaa 8 halizidi uniti 1.6 za LUKU. Tazama na volti: yanayoletwa kutoka Marekani ni ya volti 120, yetu ni 230, ukilichomeka bila transfoma ya kushusha linaungua palepale. Ya Dubai na Uingereza hayana tabu.

Mawili mengine. Kuku aliyeganda asiingie jungu kamwe, barafu inachukua masaa kuyeyuka na nyama inakaa humo kwenye uvuguvugu wa hatari. Ayeyuke kwenye friji tangu jana yake. Na chungu cha ndani ni cha udongo: kikitoka kwenye friji usikiweke kwenye joto papo hapo, wala kikiwa cha moto usikimwagie maji baridi. Kitapasuka.

Mpishi wa Ngamiani

Kuku wa kienyeji ndiye hasa wa jungu hili, dada. Jogoo mgumu au kuku wa mayai aliyechoka kutaga, ambaye kwenye sufuria anakula gesi masaa 2 na bado anabishana na meno, humu junguni analainika bila kusumbua. Mishipa na ngozi za viungio zinayeyuka taratibu zinakuwa utelezi, na utelezi huo wenyewe unaupa mchuzi uzito. Moto mdogo masaa 8, jogoo mzee hata 9. Ukitoka saa 1 ukarudi saa 11 ni masaa 10, na jungu lenye saa ya kujizima linahamia lenyewe kwenye kupasha baada ya 8. Maji yawe kikombe 1 badala ya nusu, maana hatoi maji mengi kama wa kisasa. Kuku wa mayai ana mafuta mengi ya njano: yatoe kwanza, na jioni uenguwe yaliyopanda kabla ya kutia tui. Usifunue kuchungulia, kila ukifunua ongeza dakika 20.

Usiku kaanga vitunguu na viungo, weka kwenye friji. Kuku mwenyewe mkaange asubuhi. Usimkaange nusu usiku ukamlaza, hapo ndipo vijidudu vinapoanzia.

Maziwa ya kawaida hukatika upesi kuliko tui. Ukiyatumia, kikombe 1 na konflawa kijiko cha chakula 1 iliyokorogwa na maji baridi, dakika 20 za mwisho. Mtindi uwe mzito, wa Tanga Fresh au wowote, upige na konflawa kijiko cha chai 1 kwa kila kikombe, kisha uuchanganye na mchuzi wa moto upawa mmoja kwanza kabla ya kuumimina wote. Malai (krimu ya maziwa) ni salama zaidi kwa sababu mafuta yake ni mengi na protini ni kidogo.

Lakini nazi zikikosekana, mimi ningekwambia korosho. Gramu 80 mbichi zisizo na chumvi, loweka kwenye maji ya moto nusu saa, saga na maji kikombe kasoro robo mpaka ukisugua kati ya vidole usisikie chenga. Zitie dakika 30 za mwisho. Zina wanga wake, hazikatiki, na mchuzi unakuwa mzito bila konflawa.

Mwana Pangani

Na mchuzi ukikukatika tena usiumwage. Mafuta machache yanayong'aa juu si kukatika, wengi pwani wanayataka hivyo. Ukiona vidonge, toa kuku, acha mchuzi upoe kidogo, upige kwenye blenda na konflawa kijiko cha chai 1 iliyokorogwa, urudishe moto mdogo. Utaungana. Blenda usiijaze zaidi ya nusu, mchuzi wa moto unarusha kifuniko.

Ukitaka awe wa kupaka, dada, jungu linakupa nusu ya kazi. Mtoe kuku robo saa kabla hajalegea kabisa, asije akaanguka kwenye wavu. Mchuzi wako wa tui uchemshe zaidi mpaka ushikilie kijiko kama uji mzito. Mkaa uwe umeshakuwa makaa mekundu yenye jivu juu, usio na mwali, maana tui likidondokea mwali linatoa moshi mchungu. Paka upande mmoja, banika dakika 2, geuza, paka, dakika 2 tena, mara 3 kila upande, mpaka uone mabaka ya kahawia na pembe zilizoungua kidogo. Kisha mwagia mchuzi uliobaki. Wali uwe mweupe, si wa nazi. Nazi juu ya nazi inakinaisha.