Tupeane uzoefu: unafupishaje kazi ya fasihi bila kupoteza kiini chake?

Mwanzisha mada (mwalimu wa sekondari, Tabora)

Ndugu walimu, wazazi na wanafunzi, katika kufundisha Kiswahili nimeona kwamba kifungu cha habari huwapa wanafunzi shida ndogo, kwa kuwa hoja zake zimekaa wazi; wakipewa riwaya nzima waifupishe, hukimbilia kusimulia tukio baada ya tukio, na karatasi hujaa kabla hadithi haijafika katikati.

Nichukue mfano wa Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1951. Mwanafunzi mmoja aliandika karibu kurasa mbili kuhusu safari za wale wajumbe sita waliotumwa mashariki, magharibi, kaskazini, kusini, mbinguni na ardhini. Kila safari aliipa aya yake, kwa hati nzuri na bila kosa la tahajia. Hata hivyo, asiyekisoma kitabu hicho angemaliza ufupisho ule bila kujua kwamba habari za safari zinasimuliwa na mshtakiwa anayejitetea. Nilimwomba aniambie kwa mdomo nani anasimulia, anamsimulia nani, na atapoteza nini asiposikilizwa. Baada ya kujibu akaandika upya: «Karama anashtakiwa na waziri Majivuno kwa kufundisha uanasheria. Anajitetea mbele ya baraza kwa kueleza habari za wajumbe sita waliotumwa nchi za mbali kutafuta mambo ya kuifaa nchi yao, Kusadikika, ambao kila aliporudi mmoja wao aliadhibiwa badala ya kusikilizwa. Utetezi wake unakubaliwa, naye anaachiwa huru.» Safari sita zimeingia katika sentensi moja, na kesi, ambayo ndiyo inayozishikilia, imerudi mahali pake. Tangu hapo sianzi somo hili bila maswali yale matatu. Karibuni mtueleze ninyi mnafanyaje.

Mwalimu, Kisumu

Ahsante, mwalimu mwenzangu. Huku Kenya, katika karatasi ya pili ya Kiswahili ya KCSE, yaani mtihani wa kumaliza sekondari, swali la ufupisho lina alama 15, na mtahiniwa huachiwa nafasi ya matayarisho kabla ya nakala safi. Mpangilio huo nimeuhamishia kwenye fasihi: wanafunzi huandika matayarisho kitabu kikiwa wazi, kisha hukifunga na kukiweka chini ya dawati wanapoandika nakala safi. Kitabu kikibaki wazi, sentensi za mwandishi huhamia daftarini zikiwa nzima, pamoja na tamathali zake, na mwanafunzi huamini kwamba amefupisha ilhali amenakili.

Kuna zoezi jingine ambalo limewasaidia zaidi ya yote niliyowahi kujaribu. Ninawaagiza wapigie mstari kila «halafu» na kila «kisha» katika rasimu, kisha wajaribu kuweka «kwa hiyo», «hata hivyo» au «ili» mahali pake. Panapokubali, uhusiano wa matukio umeonekana na sentensi mbili huweza kuungana. Panapokataa, tunajiuliza kama tukio lile lina kazi yoyote katika mgogoro, na mara nyingi tunaliondoa bila hadithi kutetereka. Msichana mmoja wa kidato cha tatu, ambaye rasimu zake zilikuwa ndefu mno, alianza kufikia idadi ya maneno inayotakiwa kwa zoezi hilo peke yake.

Mwanafunzi wa chuo, Mombasa

Shikamooni walimu wangu. Naomba niongezee upande wa ushairi, kwani huko ndiko wengi wetu tunakwama. Tulipewa tufupishe Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa Pate mwaka 1858, na karibu darasa zima tuliorodhesha mawaidha: mche Mungu, mtii mume, tunza nyumba. Orodha ile haikuwa na uongo, ila ingeweza kuwa ya utendi wowote wa mawaidha. Mhadhiri wetu alituelekeza turudi kwenye beti za mwanzo, ambapo mama mgonjwa anamwita binti yake akae karibu, aje na wino na karatasi. Tulipoanza ufupisho kwa hali hiyo, mawaidha yalisomeka kama wosia wa mzazi anayehofia kwamba muda wake umebaki mdogo, na urefu haukuongezeka hata kwa mstari mmoja. Ninaona swali la mwalimu wa Tabora la nani anamwambia nani linafanya kazi katika ushairi sawasawa na katika riwaya.

Mzazi, Dodoma

Mwanangu alikuwa akimalizia kila ufupisho kwa kuandika kwamba mwandishi amefaulu sana kuielimisha jamii. Nilimshauri aitoe sentensi hiyo, kwa kuwa hiyo ni kazi ya uhakiki. Je, hata dhamira isitajwe?

Mwanzisha mada

Ulimshauri vyema, ndugu mzazi. Kuhusu dhamira, mimi humruhusu mwanafunzi aionyeshe kwa jinsi anavyochagua na kuunganisha matukio, bila kuitangaza, isipokuwa swali limemtaka aitaje. Kusadikika ilitoka Tanganyika ikiwa chini ya Waingereza, na wahakiki wengi wameisoma kama fumbo juu ya utawala wa kikoloni. Usomaji huo nauthamini na kuufundisha. Lakini mwanafunzi akiandika katika ufupisho kwamba Karama alishtakiwa na Waingereza, namrudishia daftari, kwa sababu hakuna Mwingereza katika hadithi ile. Aliyemshtaki ni Majivuno. Fumbo lina nafasi yake katika swali la uhakiki, ambako atapata aya nzima ya kulifumbua na kulitolea ushahidi.