Re: Wastani wa 71 na kisanduku cha GPA

Ujumbe wa kwanza, kutoka kwa mwanafunzi, Uingereza

Wakubwa shikamooni, na wenzangu habari za siku.

Nimemaliza shahada ya uzamili hapa Uingereza. Wastani wangu ni 71, na barua ya chuo inasema nimefaulu kwa distinksheni. Nilimpigia baba simu kumpa habari njema. Akanyamaza kidogo, halafu akauliza, "Mwanangu, hizo 29 zimekwenda wapi?" Sikuwa na jibu.

Sasa najaza maombi ya kazi Marekani na fomu ina kisanduku cha GPA, ule wastani wa alama wa Kimarekani unaoishia 4.0. Nimegawanya 71 kwa 100, nikazidisha kwa 4, nimepata 2.84. Niandike hivyo? Fomu inafungwa Ijumaa.

Jibu la kwanza, kutoka kwa mwalimu wa chuo, Uingereza

Marahaba mdogo wangu, na hongera sana. Kabla ya yote, hiyo 2.84 ifute. Si sahihi, na itakuangusha kwa kazi uliyoifanya vizuri.

Kwa shahada ya uzamili hapa, vyuo vingi vinahesabu kufaulu kuanzia 50, meriti kuanzia 60, na distinksheni kuanzia 70. Shahada ya kwanza ina majina mengine: 70 na kuendelea ni daraja la kwanza, 60 hadi 69 daraja la pili la juu, 50 hadi 59 daraja la pili la chini, na 40 hadi 49 daraja la tatu. Kwa hiyo wewe uko kwenye ngazi ya juu kabisa ya uzamili. Hakuna jina lingine juu yako.

Swali la baba yako ni la haki kabisa na linastahili jibu kamili. Yeye anafikiria mtihani ambapo kila mtu anaanza na 100, kisha anakatwa kila anapokosea. Insha na tasnifu hapa hazisahihishwi hivyo. Ninapokaa na kazi ya mwanafunzi mbele yangu, mbele yangu pia kuna maelezo ya kila daraja. Najiuliza kwanza: huyu amerudia tulichomfundisha kwa usahihi? Hiyo ni hamsini na kitu. Amekipanga na kukijengea hoja? Sitini. Amekipima, akaona kasoro ya waliomtangulia, akasema jambo lake mwenyewe na kulithibitisha? Hapo ndipo naingia sabini. Nikishajua daraja ndipo natafuta namba ndani yake. Namba inakuja mwisho. Kisha mwenzangu anapitia sehemu ya kazi nilizosahihisha, na mtahini wa nje, kutoka chuo kingine, anaangalia kama viwango vyetu viko sawa.

Kwa hiyo 29 hazikupotea popote. Kwenye masomo ya kuandika, 80 ni adimu, na 90 mwalimu anaweza kustaafu hajaitoa. Kwenye hesabu au programu za kompyuta, ambako jibu ni sahihi au si sahihi, utawaona wenye 90 kila mwaka.

Niongeze jambo moja kwa wadogo zetu ambao bado wanasoma, maana mimi liliniumiza. Wastani wa 70 peke yake hautoshi kila mahali. Uzamili huwa na krediti 180 (vipimo vya uzito wa kila somo), na mara nyingi tasnifu inabeba 60. Vyuo kadhaa vinataka tasnifu yenyewe ifike 70. Mimi wastani wangu ulivuka 70, tasnifu ikapata 66, nikapewa meriti. Nililia wiki nzima, na kanuni ilikuwa imeandikwa kwenye kitabu cha kozi tangu siku ya kwanza. Vyuo vingine vinafanya kinyume: ukiwa na 68 au 69 na krediti zako nyingi ziko juu ya 70, wanakupandisha. Someni kanuni za chuo chenu mwezi wa kwanza, msisubiri mwezi wa mwisho.

Jibu la pili, kutoka kwa mhandisi, Australia

Dada umeeleza vizuri sana. Naongeza kitu kifupi kwa walio huku, kwa sababu neno ni hilohilo na maana si hiyo.

Australia distinksheni ni ngazi ya pili. Juu yake ipo distinksheni ya juu. Vyuo vingi vinaweka distinksheni kati ya 75 na 84, na ya juu kuanzia 85. Vingine vinaanzia 70 na 80. Tena hutolewa kwa somo mojamoja. Mtu akisema amepata distinksheni nne, anazungumzia masomo manne. Ndiyo maana mwajiri wa huku akiona neno hilo kwenye wasifu wako bila maelezo anaweza kudhani ulikuwa wa pili. Afrika Kusini nako ni habari nyingine: mwanafunzi wa sekondari anaipata kwa somo alilofikisha 80, na vyuo vikuu vingi vinaanzia 75.

Jibu la tatu, kutoka kwa afisa ajira, Marekani

Mdogo wangu, mimi ndiye ninayezisoma hizo fomu. Usijigeuzie alama mwenyewe, si kwa kushusha wala kwa kupandisha. Ukiandika 4.0 na vyeti vyako havina GPA, siku ya uhakiki itaonekana kama umedanganya. Andika jina la daraja kama lilivyochapishwa kwenye cheti, kisha kipimo chake: 71, ambapo 70 ndiyo mwanzo wa daraja la juu na 50 ndiyo alama ya kufaulu. Kisanduku kikikataa maneno, muandikie mhusika wa ajira kabla ya kutuma. Wakitaka GPA rasmi, kuna mashirika ya kutathmini vyeti vya nje yanayopitia somo kwa somo. Kwa kawaida alama za Uingereza kuanzia 70 husomwa kama A.

Na mwenye kwenda Ujerumani awe macho zaidi. Kule 1.0 ndiyo bora na 4.0 ndiyo ya mwisho ya kufaulu. Vyuo vingi hutumia kanuni iitwayo ya Bavaria: toa alama yako kwenye alama ya juu kabisa, gawanya kwa tofauti ya alama ya juu na ya kufaulu, zidisha kwa 3, ongeza 1. Wakichukua 100 kuwa kilele, 71 yako inakuwa 2.74, ambayo kule inasomeka kama ya kuridhisha tu. Distinksheni yako imezama hapo. Kinga yako ni karatasi ya chuo inayoeleza kipimo, na kama wanayo, mgawanyo wa alama za darasa zima. Ukurasa wa nyuma wa transkripti, ile orodha rasmi ya masomo na alama zako, mara nyingi una maelezo ya kipimo. Angalia pia kama chuo chako kinatoa kiambatisho cha diploma, kile cha mfumo wa Ulaya. Kina sehemu maalumu ya mfumo wa alama.

Kutoka kwa mwanafunzi

Ahsanteni mno. 2.84 nimeifuta. Nimemsomea baba maneno ya dada kuhusu hamsini, sitini na sabini, taratibu, akaomba nirudie ile ya sabini. Kisha akauliza tasnifu yangu ilisema nini hasa ambacho wengine hawakukisema, tukaongea karibu saa nzima.

Ofisi ya usajili imeniahidi karatasi ya kipimo Alhamisi. Mgawanyo wa alama za darasa wanasema hawautoi. Kaka wa Marekani, fomu itapokea viambatisho viwili, au niunganishe kila kitu kwenye faili moja?

Kutoka kwa afisa ajira

Faili moja. Cheti kwanza, transkripti, kisha karatasi ya kipimo.