Mjadala: Mzee aliyeshikilia picha ya Goya ili wazee wenzake wapate leseni ya TV bure, tumhukumu vipi?

Wadau, salaam.

Naleta mezani hoja iliyoachwa wazi na filamu ya The Duke. Ni filamu ya Uingereza iliyoongozwa na Roger Michell, ikaonyeshwa mara ya kwanza kwenye tamasha la Venice mwaka 2020. Ni ya vichekesho na inachekesha kweli. Jim Broadbent anaigiza kama Kempton Bunton, dereva wa basi mstaafu wa Newcastle. Helen Mirren ni mkewe, Dorothy, anayefanya kazi za usafi kwenye nyumba ya watu wenye nafasi huku akichoshwa na harakati za mumewe. Kwa ambao hamjaitazama, tahadhari: nitataja hadi mwisho wake.

Watu wengi niliowasikia wakiizungumzia wamegawanyika. Kuna wanaosema filamu imempamba mwizi mpaka tukamshangilia. Kuna wanaosema mzee wa watu hakuwa na kosa lolote. Msimamo wangu ni kwamba kosa lilikuwepo, jopo la mahakama liliamua sawasawa, na dai la Bunton lilikuwa la haki mwaka 1961 na ni la haki mpaka leo.

Kisa chenyewe ni cha kweli. Mwaka 1961 tajiri wa Marekani, Charles Wrightsman, alishinda mnada wa picha ya Duke of Wellington, jenerali wa Uingereza aliyemshinda Napoleon, iliyochorwa na Mhispania Francisco Goya, kwa pauni 140,000. Waingereza hawakukubali sura ya shujaa wao wa vita vya Waterloo ivuke bahari. Taasisi ya hisani ya Wolfson Foundation ikatoa pauni 100,000, Hazina ya serikali ikaongeza 40,000, na picha ikatundikwa National Gallery, jumba la sanaa la taifa mjini London, tarehe 2 Agosti. Tarehe 21 mwezi huo huo ikatoweka ukutani. Taifa zima likadhani ni kazi ya magwiji wa uhalifu. Filamu ya Dr. No ya mwaka 1962 ikafikia hata kuweka nakala ya picha hiyo ndani ya makao ya adui wa James Bond.

Kumbe picha iko kwa mstaafu mwenye kipato cha kama pauni 8 kwa wiki. Barua zikaanza kufika: picha itarudi, lakini pauni 140,000 zitolewe kwa hisani kulipia leseni za televisheni za wazee na maskini. Leseni hiyo, yaani ada ya wenye televisheni inayoigharamia BBC, wakati ule ilikuwa pauni 4 kwa mwaka. Kwa kipato hicho, ni nusu ya riziki ya wiki. Na ilikuwa lazima uilipe hata kama unatazama ITV peke yake, ambayo inaendeshwa kwa matangazo ya biashara. Bunton alikwisha kufungwa kwa kukataa kulipa. Naomba tulitafakari hilo kabla ya kwenda mbele: mzee anatiwa ndani kwa ajili ya pauni 4, na muda mfupi baadaye serikali iliyomfunga inapata pauni 40,000 za kununulia picha moja.

Hakuna aliyelipa fidia. Mwaka 1965 gazeti la Daily Mirror lilipokea tiketi ya mzigo uliowekeshwa stesheni ya Birmingham New Street, na mzigo wenyewe ulikuwa Goya, bila fremu. Wiki chache baadaye Bunton akajisalimisha polisi. Kesi ikasikilizwa Old Bailey, mahakama maarufu ya jinai ya London, wakili wake akiwa Jeremy Hutchinson. Utetezi wake ulikuwa mwepesi kueleweka: kwa sheria ya wakati ule, wizi ni kuchukua mali kwa nia ya kumnyima mwenyewe moja kwa moja, na huyu alikusudia kuirudisha tangu mwanzo. Jopo la raia 12 likakubali. Wakamwachia kwa picha, wakamtia hatiani kwa fremu ambayo haikurudi, akapewa miezi 3.

Wapo wanaoliita hili hila ya mawakili. Sikubaliani nao. Raia wale waliambiwa sheria inasema nini wakaifuata, na hata huruma yao haikumwokoa kwenye fremu. Hiyo ndiyo kazi ya jopo. Bunge likaona pengo na kuliziba: Sheria ya Wizi ya 1968 ikafanya kuwa kosa kuondoa bila ruhusa kitu kilichowekwa kutazamwa na umma, hata kama unakusudia kukirudisha. Nayo ilikuwa sawa, sina ugomvi nayo.

Hoja nzito zaidi dhidi ya Bunton ni nyingine, na nashangaa wanaompinga hawaitumii. National Gallery huingii kwa kulipa. Picha iliyonunuliwa kwa fedha za hisani na za Hazina ilikuwa mali ya fundi, mwanafunzi na yaya wa London sawa na ilivyokuwa mali ya waziri. Kwa miaka 4 watu hao wakanyimwa, na mtu aliyewanyima ni yule yule aliyejiita mtetezi wao. Hilo ni kosa halisi na kichekesho cha Broadbent hakilifuti. Ninachoweza kusema ni kwamba kutoka Newcastle hadi London ni zaidi ya kilomita 400. Ajuza anayeishi peke yake Newcastle, ambaye mumewe au mwanawe hakurudi vitani, hapandi treni kwenda kutazama Goya. Sauti pekee ndani ya nyumba yake ni ya televisheni. Bunton alimwona mtu huyo wakati wakubwa hawakumwona, na hapo ndipo ninapomheshimu.

Tena, mwaka 1969 mwanawe alikiri polisi kwamba yeye ndiye aliyeingia na kuichukua picha. Hakushtakiwa, na faili likabaki siri hadi 2012. Kwa hiyo huenda baba alikaa kizimbani kwa kosa la mtoto. Filamu inalitumia hili vizuri sana, ndiyo sehemu iliyonigusa kuliko zote.

Sasa turudi kwenye dai. Pengo la sheria kuhusu picha lilizibwa ndani ya miaka 3 baada ya kesi. Leseni ya bure kwa wenye miaka 75 na zaidi ilikuja mwaka 2000, Bunton akiwa amefariki tangu 1976. Na haikudumu. Mwaka 2015 serikali iliitupia BBC mzigo wa kuigharamia. BBC ikapiga hesabu kwamba ungefika pauni milioni 745 kwa mwaka. Kuanzia Agosti 2020 ikabaki bure kwa wazee wanaopokea ruzuku ya pensheni (Pension Credit, msaada wa serikali kwa wazee wenye kipato kidogo) peke yao. Utasikia kwamba huo ni uungwana: tajiri wa miaka 80 alipe, maskini asilipe. Ila ruzuku hiyo lazima uiombe, na wazee wengi wanaostahili hawaiombi, ama kwa kutojua ama kwa aibu. Wanaokosa ni wale wale aliowapigania.

Msinielewe vibaya kwamba naichukia BBC. Sisi wasemaji wa Kiswahili tuna deni kwake. Idhaa ya Kiswahili ilianza Juni 1957, na vizazi vimelala na kuamka na Dira ya Dunia. Tangu 2014 sehemu kubwa ya gharama za idhaa za dunia imetoka kwenye ada hiyo hiyo ya leseni. Msikilizaji wa Kigoma hakuwahi kulipa senti. Mstaafu wa Newcastle ndiye aliyemlipia. Ndiyo maana siwezi kulichukulia jambo hili kama la wageni. Utangazaji wa umma ulipiwe kwa kodi ya kawaida, kila mtu kwa kadiri ya kipato chake, na huduma kwa wazee ibaki jukumu la serikali.

Kinachonikera zaidi ni kwamba England bado inalihesabu kuwa jinai kutazama bila leseni, faini ikifika pauni 1,000. Zaidi ya theluthi mbili ya wanaotiwa hatiani ni wanawake, kwa sababu mara nyingi wao ndio wanaokuwa nyumbani mkaguzi anapogonga mlango.

Nawaomba wanaotetea ada ya sasa wajibu hili: mtu akishindwa bili ya maji au ya umeme, hilo ni deni la madai. Kwa nini bili ya televisheni impeleke ajuza kwenye mahakama ya jinai?